Chai ya Alhamisi Kuu

Kama kuna mtu mtaani aliyejua kutoa doa, ni Bibi Pasi. Damu aliitoa kwa maji baridi na chumvi. Wino aliulaza kwenye maziwa. Nta ya mshumaa aliikandamiza kwa karatasi na pasi ya moto mpaka ikahama yenyewe, kama mpangaji aliyechoshwa na mwenye nyumba. Walimletea shuka za arusi na shuka za wagonjwa, naye hakuwa mtu wa kuuliza doa limetoka wapi. Alilitazama tu, muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyotaka, akaguna "mmh", na mwenye shuka akajikuta anaeleza mwenyewe.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu iliyovishwa blanketi kuukuu, beseni la wanga, pasi ya umeme aliyoletewa na mwanawe, na pasi ya mkaa aliyoiamini. Juu ya kabati kulikuwa na sanduku la bati. Ndani yake kulilala kitambaa cha madhabahu chenye doa la kahawia, kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Doa lile lilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Bibi Pasi angeweza kulitoa kwa asubuhi moja. Hakuwahi kulitia maji.

Kwaresima ya mwaka huo ilianza kama zinavyoanza zote. Jumatano ya Majivu alipeleka kanisani vitambaa vya zambarau, vimenyooka mpaka vinazitia aibu nguo za waliokaa mbele. Halafu mchungaji mpya, kijana wa miwani mwenye viatu vinavyolia kila akipanda madhabahuni, akasimama kwenye matangazo.

"Wapendwa, nimepitia daftari la waliotengwa na Meza ya Bwana," alisema. "Wengi wamekwisha kurudi kundini. Wengine wametangulia mbele ya haki. Limebaki jina moja. Sipendi Pasaka inikute na jina hilo."

Watu wenye adabu hawageuki kanisani. Waligeuza macho tu, vichwa vikabaki palepale. Kila jicho lilikwenda kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, lenye mguu mmoja mfupi. Pale ndipo alipokaa Mkunga.

Mkunga alikuwa dada wa marehemu mume wa Bibi Pasi, yaani wifi yake. Nusu ya usharika ule ilipita mikononi mwake kabla ya kumwona mchungaji. Kwa miaka thelathini na moja hakukosa ibada, na kwa miaka thelathini na moja hakushiriki Meza ya Bwana. Wenzake walipoinuka kwenda mbele, wamama wenye watoto wachanga walimpitia pale mlangoni, wakamrushia mizigo yao.

"Nipeni, nipeni," angesema. "Nyinyi kaleni, mimi nibaki na hawa wasio na dhambi wenzangu."

Watu walicheka. Bibi Pasi naye alicheka, akaenda mbele, akapiga magoti, akapokea.

Sababu ya Mkunga kukaa nyuma ilijulikana na kila mtu, na ilikuwa ya uongo. Ukweli ulijulikana na mtu mmoja.

Ilikuwa hivi. Zamani hizo Mkunga ndiye aliyeandaa Meza ya Bwana, na ufunguo wa kabati la sakristia, kile chumba cha nyuma ya madhabahu, ulikaa shingoni mwake. Bibi Pasi alikuwa bado mwali wa nyumba, kaolewa juzijuzi, kilemba cheupe, mpinga pombe namba moja. Alikuwa ameshasimama mara mbili kanisani kuwasema walevi, mpaka wazee wengine wakawa wanamsalimia wakiwa wamefumba midomo. Jumatano ya Juma Kuu walikuwa wawili sakristia, mmoja anapanga vikombe, mwingine anakunja vitambaa. Mara mtu akaja mbio: mke wa seremala ameshikwa na uchungu.

"Wifi, nimalizie," Mkunga akasema, akauvua ufunguo. "Funga, uniletee nyumbani." Akatoka mbio na kanga moja.

Sasa, Bibi Pasi alikuwa na jino. Jino lenyewe lilikuwa la nyuma, lilimkosesha usingizi siku tatu, na shavu lilikuwa limevimba kama amebeba limau. Mtu alishamwambia kwamba divai hutia ganzi. Akaitazama ile chupa. Akasema moyoni, funda moja tu, nilishike mdomoni, niteme. Akalishika. Hakulitema, maana pa kutemea palikuwa wapi? Sakristia? Akaongeza la pili kulipa la kwanza nguvu. Jino lilikuwa moja, mafunda yakawa saba, labda nane. Alipoiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, divai ilikuwa imeshuka mpaka tumboni.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni dobi tu angelifanya. Dobi anaamini kwamba rangi ikifanana, kazi imekwisha. Alikwenda nyumbani, akachemsha chai ya rangi mpaka ikawa nzito kama dawa, akaipoza kwenye beseni, akarudi, akaijaza chupa mpaka shingoni. Akaitikisa. Akaitazama tena kwenye mwanga. Rangi ilifanana. Akafunga kabati, akapeleka ufunguo, akalala usingizi wa kwanza tangu jino lianze.

Siku iliyofuata, Alhamisi Kuu, usharika mzima ulikunywa chai.

Mchungaji wa wakati huo, mzee wa watu, alipoonja alipaliwa, na kikombe kikamwagika kidogo juu ya kitambaa. Akaendelea, maana angefanyaje? Lakini Mzee Kengele hakuendelea. Huyo alikuwa mzee wa kanisa, mpiga kengele, mwenye kifua kipana na sauti iliyozoea kushindana na chuma. Kamba ya kengele ilining'inia sakristia, kwa hiyo naye alikuwa akiingia na kutoka humo. Ibada ilipokwisha alisimama katikati ya chumba akasema, "Hii ni chai! Nimekunywa chai kwenye Meza ya Bwana! Ufunguo anao nani?"

Baraza la wazee likaketi. Mkunga akaulizwa. Alisema hajui. Wakamkumbusha kwamba anatembea na chupa ya spiriti kwenye mkoba wake wa ukunga, kwa hiyo chupa anazizoea. Akasema spiriti ni ya kusafishia mikasi, labda wao ndio huinywa. Likamharibikia hapo. Wakamuuliza nani mwingine aliingia. Akasema, "Wifi yangu tu, na huyo ni kama mimi."

Bibi Pasi akaitwa. Shavu limeshanywea.

"Niliweka vitambaa, nikafunga, nikaondoka," alisema. Kila neno lilikuwa kweli. Yale yaliyokuwa katikati ya maneno ndiyo hakuyasema.

Mkunga akatengwa miezi sita. Kwa desturi yao, mtu akitengwa hurudi kwa kusimama mbele ya usharika, mzee wa kanisa akasoma kosa lake kutoka daftarini, mchungaji akamuuliza kama anaungama, naye akajibu, "Ndiyo, naungama." Halafu hupiga magoti, huwekewa mikono, husamehewa, na siku hiyohiyo hushiriki. Miezi sita ikaisha. Mkunga akaambiwa asimame.

"Nitaungama nililolifanya," alijibu. "Hilo sikulifanya."

Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa maisha. Binti yake alipopata Kipaimara, wazazi walipiga magoti pamoja na watoto wao kwenye Meza ya kwanza. Baba wa yule binti alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa benchi la nyuma. Nani akapiga magoti pembeni ya mtoto? Mke wa mjomba. Bibi Pasi aliinama pale, kikombe kikapita, akasikia benchi lenye mguu mfupi likigonga sakafu kule nyuma, ko, ko, maana mwenye kulikalia alikuwa anatetemeka.

Mara nyingi alitaka kusema. Alijiandaa Kwaresima ya kwanza, mumewe akaugua. Alijiandaa ya pili, akajifungua. Baadaye kusema kukawa kugumu kuliko jambo lenyewe, maana sasa angeulizwa, ulikuwa wapi miaka yote hii? Mumewe naye akafa bila kujua. Tena kila Kwaresima aliungama pamoja na wengine, kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, na kila mara mchungaji akatangaza msamaha. Bibi Pasi aliupokea kama mtu anayepokea barua ya jirani: anaishika, anaitazama, anajua si yake.

*

Baada ya ibada ya Majivu alimfuata wifi yake nyumbani, na foronya mkononi kama kisingizio. Mkunga alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, imevimba. Daktari alishasema moyo umekuwa mkubwa.

"Hilo ningemwambia bila mashine," Mkunga alisema. "Keti, wifi. Nimeamua. Nitarudi kundini."

Bibi Pasi akashika mlango. "Unarudi vipi?"

"Kama wanavyorudi wote. Jumapili ya tano. Watasoma daftari lao, nitasema ndiyo naungama, nipige magoti, nile, nikafe. Nimechoka, wifi. Nilidhani nitashinda. Sasa nashindana na nani? Waliokuwa barazani wote wako makaburini."

"Lakini hukulifanya."

"Wewe unalijua hilo. Na mimi. Na Mungu." Mkunga akahesabu kwa vidole, akafika cha nne. "Na yule mwizi, Kengele, huko aliko."

Kwa Mkunga, jambo lilikuwa wazi tangu mwanzo: aliyeingia sakristia baada ya kufungwa ni Mzee Kengele, aliyepiga kelele kuliko wote ni Mzee Kengele, basi aliyekunywa ni Mzee Kengele. Alimwambia wifi yake hivyo mwaka uleule wa kwanza. "Ni yule, si ndiyo?" Na Bibi Pasi akajibu, "Mmh."

Basi. Sauti ndogo tu, ya puani. Kwa sababu ya "mmh" hiyo Mkunga hakumpa Mzee Kengele mkono miaka ishirini na tisa. Alipopita, yeye alitazama ukuta. Mzee alipougua, alimtumia ujumbe mara mbili, naomba uje tuzungumze, na Mkunga akajibu kwamba hana la kuzungumza na mnywaji. Siku ya mazishi yake, miaka miwili iliyopita, jeneza lilipita mbele ya nyumba hii hii. Mkunga aliketi barazani, mgongo kwa barabara, akichambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa.

"Foronya ya nini?" Mkunga akauliza.

"Yako. Nimeipiga pasi."

"Si yangu hiyo."

"Basi chukua tu," akasema Bibi Pasi, akaondoka.

Njiani magoti yalimwuma kuliko kawaida. Alijua sasa jambo lilivyo. Kumwacha mtu akae nyuma ni dhambi moja. Kumwacha apande madhabahuni, na moyo ule mkubwa, akamwambie Mungu uongo kwa ajili yako, hiyo ni nyingine, na haina sabuni.

*

Jumatano za Kwaresima mchungaji alikaa sakristia saa za alasiri kwa yeyote aliyetaka kuungama peke yake. Hapakuwa na kibanda wala pazia. Viti viwili tu, msalaba mdogo, na stola ya zambarau ya shingoni mwa mchungaji, ambayo Bibi Pasi mwenyewe aliipiga pasi. Hakuna aliyekwenda, kwa kawaida. Walutheri wa pale walipenda kuungama kwa wingi, wakiwa wamesimama, kila mmoja akijificha nyuma ya sauti ya mwenzake.

Jumatano kabla ya Jumapili ya tano, Bibi Pasi alikwenda. Alianza na ndogondogo. Alisema amemwita jirani mbuzi. Alisema amesinzia kwenye mahubiri.

"Ya lini?" mchungaji akauliza.

"Yote."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta.  Kamba ya kengele ilining'inia palepale. Kabati lilikuwa lilelile, ufunguo mwingine. Bibi Pasi akalitazama kabati, na kabati likamtazama.

"Mchungaji, mimi ndiye niliyeinywa," alisema. Akaeleza jino, mafunda, beseni, chai. Akaeleza "mmh". Alipofika kwenye Kipaimara cha yule binti, akabaki anakunja pindo la kanga yake, akilinyoosha, akilikunja tena.

Mchungaji akavaa miwani yake. Halafu akasimama, akaweka mkono juu ya kilemba chake, akatamka msamaha kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Safari hii barua ilikuwa na jina lake. Bibi Pasi akalia mpaka akaona aibu.

"Sasa bado wifi yako," mchungaji akasema.

"Mwambie wewe."

"Nililolisikia kwenye kiti hiki naliacha kwenye kiti hiki."

"Hata kwa kuzunguka? Kwa mfano tu? Useme kulikuwa na mwanamke mmoja, ana jino..."

"Hata kwa kuzunguka, bibi."

"Basi ahirisha Jumapili. Sema unaumwa. Sema viatu vimekatika."

"Kuahirisha nako ni kusema." Alikaa tena, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtoto, umri wa wajukuu. "Jumapili mzee wa kanisa atasoma, nami nitauliza. Atakachojibu nitakipokea, ingawa najua. Hilo litanitafuna, sikufichi. Mungu amekusamehe, bibi. Lakini anayekaa kwenye benchi la nyuma ni yeye."

Jumamosi Bibi Pasi alikwenda kwake, kweli. Alikwenda na gauni jeupe la Mkunga, la Jumapili, alilolitia wanga mpaka likasimama lenyewe. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Mkunga akalivaa palepale sebuleni, akajigeuza mbele ya kioo kidogo, akicheka kama msichana.

"Nikipiga magoti litapasuka?"

"Halipasuki."

"Miaka thelathini na moja, wifi! Nimesahau hata mkono wa kulia au wa kushoto." Akaketi, akahema kidogo. "Unajua kinachoniuma? Nikisema ndiyo kesho, Kengele atacheka kaburini."

Bibi Pasi akafungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa pale, yamepangwa, yamenyooka.

"Mmh," alisema.

Akarudi nyumbani akiutukana ulimi wake kwa majina yote aliyoyajua, na aliyajua mengi.

*

Jumapili ya tano kanisa lilijaa. Habari zilikuwa zimetembea. Baada ya wimbo, mchungaji akashuka mpaka kwenye ngazi ya madhabahu, viatu vikilia, akamwita Mkunga.

Mkunga akasimama kutoka benchi lake, likagonga, ko. Alitembea polepole, mkono mmoja ukishika migongo ya mabenchi, gauni likimetameta. Wamama wengine walikuwa wameshaanza kulia, wale wa kulia mapema. Alipofika mbele akageuka kuutazama usharika, na mzee wa kanisa wa sasa, mtu mwembamba aliyezaliwa mikononi mwa huyohuyo anayemsomea, akafungua daftari.

"Kwamba alitumia divai ya Meza ya Bwana kwa matumizi yake," alisoma, "akaweka chai mahali pake, akawapa watu chai siku ya Alhamisi Kuu."

Mchungaji akauliza, bila kumtazama. "Je, mbele za Mungu na mbele ya usharika huu, unaungama kwamba..."

"Hapana!"

Sauti ilitoka benchi la tatu, upande wa kina mama. Bibi Pasi alikuwa amesimama. Magoti yake yalilia kwa zamu, moja halafu lingine, na kanisa lote likayasikia. Mkononi alikuwa na kitu kilichokunjwa mara nne.

"Keti, mama," mzee wa kanisa akanong'ona. "Hajaulizwa mwenye pingamizi. Hii si arusi."

"Najua si arusi. Ningekuja na zawadi." Akapita mbele ya magoti ya watu, akamkanyaga mtu, hakuomba radhi. Alipofika alisimama pembeni ya wifi yake, akakikunjua kitambaa. Doa likatazama watu.

"Divai niliinywa mimi," alisema. "Jino liliniuma. Chai niliichemsha mimi, jikoni kwangu, nikaipoza kwenye beseni la wanga. Huyu alikuwa anazalisha. Alikwenda kumzalisha mke wa seremala. Hakujua lolote. Doa ni hili. Baadaye baraza lilipokiulizia, nililiambia kwamba kitambaa kimeungua na pasi. Mimi sijawahi kuunguza kitambaa, mnanijua. Mlitakiwa kunishuku hapo."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mchanga kule mlangoni alianza kulia, na mara ile hapakuwa na mtu wa kumpokea.

Mkunga hakumtazama. Alilitazama doa. Alinyoosha kidole, akaligusa ukingoni, kama anavyogusa paji la mtoto kuona kama ana homa.

"Na Kengele?" aliuliza.

Sauti ilikuwa ndogo, ya watu wawili tu, lakini kanisa lilikuwa kimya.

"Kengele hakuhusika kamwe," Bibi Pasi akasema. "Hakuionja isipokuwa ile chai."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia ni yeye."

"Niliguna, wifi."

"Uliguna," Mkunga akasema. Akakaa nalo neno hilo. Uso wake ulikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama ghafla. Bibi Pasi alikuwa amejitayarisha kwa kofi, kwa matusi, hata kwa kukumbatiwa, maana mtu hutumaini. Hakuwa amejitayarisha kuona kwamba wifi yake alikuwa anawaza habari za mtu mwingine.

Mwishowe Mkunga akamgeukia mchungaji.

"Baba mchungaji, nifutie hilo la daftarini," alisema. "Niandikie lingine. Nilimchukia mtu bure miaka ishirini na tisa. Aliniita akiwa anakufa, mara mbili, sikwenda. Aliponipita ndani ya jeneza nilimpa mgongo. Hilo ndilo langu. Hilo naungama."

Mzee wa kanisa alitafuta kalamu, akaikosa, akaacha kutafuta.

Walipiga magoti wote wawili. Gauni halikupasuka. Mchungaji aliweka mkono mmoja juu ya kila kichwa. Msamaha ulitamkwa mara moja, kwa wote. Bega la wifi yake lilikuwa umbali wa kidole kimoja. Halikusogea.

Meza ilipoandaliwa, Mkunga alikuwa wa kwanza. Alinyoosha mikono yote miwili, kwa kuwa alisahau kweli. Bibi Pasi hakwenda. Hakuna aliyemzuia; mchungaji alimwangalia hata akamwashiria kidogo kwa kichwa. Alitembea mpaka benchi la mwisho, akaketi, likagonga, ko. Mwanamke mmoja alisimama mbele yake akiwa na mtoto anayelia, akasitasita.

"Mlete," Bibi Pasi akasema. "Nitamshika. Lakini huyu asinihesabu mwenzake."

*

Jumapili iliyofuata, ile ya Matawi, alikaa palepale. Mchungaji alikuja kumwambia kwamba hakutengwa, msamaha ni msamaha. Bibi Pasi alijibu kwamba anajua, ila anataka kulijua benchi. Aligundua kwamba pale nyuma mahubiri hayasikiki vizuri, upepo wa mlango unapiga kiuno, na mtu aliyekaa pale huona visogo vya watu wote wanaokwenda kula. Wifi yake alikaa mbele, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nguo zake zilikwenda kwa dobi mwingine. Bibi Pasi aliziona zimeanikwa, zimefuliwa vibaya, akashika mdomo.

Jumatano ya Juma Kuu, alasiri, alikuwa anapiga pasi kitambaa cheupe cha Alhamisi aliposikia mtu anahema mlangoni. Mkunga alisimama pale, kashika fimbo, kavaa kanga ya msibani. Hakuingia.

"Vaa viatu," alisema.

"Karibu ukae kwanza, wifi. Miguu yako..."

"Miguu yangu naijua. Vaa viatu."

Bibi Pasi akaweka pasi chini, akatafuta viatu, akavivaa kinyume, akavibadilisha. Alipokuwa ameinama bado, kwa sababu kuinama kulimpa mahali pa kuficha uso, aliuliza, "Umenisamehe, wifi?"

Mkunga alifikiri. Hakuharakisha.

"Mungu alikusamehe Jumatano, watu walikuona ukitoka sakristia. Kanisa likakusamehe Jumapili. Mimi ni mgonjwa, natembea polepole." Akagonga fimbo kizingitini. "Kile kitambaa kiko wapi?"

"Sandukuni. Nikifue?"

"Nani amekwambia ukifue? Kilete."

Walitembea, Mkunga akisimama kila baada ya nyumba tatu kupumua, na kila aliposimama Bibi Pasi naye akasimama, hatua moja nyuma. Walipita kanisani. Walipita ilipokuwa nyumba ya seremala. Bibi Pasi alijua wanakokwenda kabla ya kulifikia lile lango la mabati, lenye kengele ndogo ya baiskeli iliyofungwa kwa waya badala ya kitasa. Mwenye nyumba alipenda kengele mpaka mwisho.

Ndani ya uwanja mjane wa Mzee Kengele alikuwa anafagia, mgongo kwao, polepole, kama anayefagia siku na si majani.

Mkunga alimtazama huyo mwanamke kwa muda. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Halafu akashika kiwiko cha wifi yake, kwa nguvu, vidole vya mkunga, akamsukuma mbele yake.

"Utasema wewe kwanza," alisema. "Kisha mimi. Piga hodi."

Bibi Pasi akakumbatia kitambaa kifuani. 

"Na usimletee ile 'mmh' yako," Mkunga akasema.

"Hodi," Bibi Pasi akaita. Ilitoka ndogo. Mjane hakugeuka. Akavuta pumzi, akaita tena, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.